Mbuzi wa Kiwango

Kabla sijaeleza yaliyotokea, naomba ieleweke kwamba nchi yetu, Jamhuri ya Shwari, inaendeshwa vizuri sana. Sisemi hivi kwa kumwogopa mtu. Nilikuwa mtumishi wa serikali kwa miaka kumi na tisa, karani wa muhuri, na katika muda wote huo sikuwahi kuona jambo limekwama bila kuwepo barua inayoeleza kwa nini limekwama.

Mambo yalianzia bungeni. Mheshimiwa Gervas Tindwa, Waziri wa Sanaa, Mapambo na Nidhamu, aliulizwa swali la nyongeza: nchi ina wasanii wangapi? Akajibu kwa kujiamini kwamba wako kumi na mmoja, akawataja mmoja mmoja kwa majina. Wote walikuwa wapiga ngoma wa uwanja wa ndege, wale wanaopokea wageni. Wabunge wakapiga meza. Wiki ile ile shirika moja la nje likatoa ripoti kwamba Shwari ina wasanii zaidi ya elfu nne wanaoishi kwa kuuza kazi zao mtandaoni. Wanachora, wanafinyanga, wanasuka hereni, wanapokea oda kutoka kila upande wa dunia na kutuma vifurushi kwa posta, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga wizarani.

Mheshimiwa hakuumizwa na ile tofauti ya idadi. Sisi tuliokuwa karibu tulijua kilichomuuma.

"Watu elfu nne," alituambia kwenye kikao cha dharura, "wanaamka asubuhi na kufanya kazi bila kuambiwa na mtu yeyote. Je, wakizoea?"

Tukatikisa vichwa, maana kweli lilikuwa jambo la kutisha.

Ndani ya siku tisa Sheria ya Maduka Yasiyoonekana ikapita. Ilisema kwamba duka lolote, liwe la mbao, la matofali au la mtandaoni, ni lazima liwe na mlango unaofungika, bango, ndoo ya mchanga ya kuzimia moto, na vyoo viwili, cha wanaume na cha wanawake. Ikaundwa Idara ya Ubunifu Uliosajiliwa, na mkurugenzi wake akawa Dakta Ludovick Mtambalike, msomi mkubwa ambaye udaktari wake ulihusu uhifadhi wa magunia. Mimi nikahamishiwa kwake pamoja na muhuri wangu, nikakabidhiwa futi ya kupimia na orodha ya maduka ya kukagua. La kwanza kwenye orodha lilikuwa la Sikudhani Mbwilo.

* * *

Sikudhani alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwembamba, mwenye tabia ya kukutazama kama anayekadiria upana wa pua yako. Zamani alichora mabango ya mabucha. Aliniambia aliacha kwa sababu ng'ombe wake walitoka na nyuso za huzuni, na watu wakiwaona walighairi nyama wakaenda kununua dagaa. Sasa aliishi na shangazi yake mtaa wa Kisimani. Juu ya meza ya chakula aliweka kishikwambi chenye ufa pembeni na kalamu yake, na hiyo ndiyo ilikuwa ofisi. Duka lake la mtandaoni liliitwa Mbuzi Nadhifu. Mteja alimtumia picha ya mnyama wake, naye akamchora mnyama yule amevaa: mbuzi ndani ya suti, jogoo ndani ya kanzu na kofia, mbwa ndani ya joho la hakimu. Aliyetaka aliweza pia kununua stika, kadi au kikombe chenye sura hiyo. Wateja wengine walikuwa hapa hapa mjini, wengine kwenye nchi za baridi ambako, inasemekana, mbuzi hulala ndani. Nyumba nzima ile ilikula kwa mbuzi hao.

Nikamwomba anionyeshe duka. Akaniwekea kishikwambi mbele. Nikatoa futi nikapima: upana sentimita kumi na sita, urefu ishirini na nne. Nikaandika kwamba duka ni finyu na mteja mnene hawezi kugeuka. Nikauliza wateja wanapanga foleni wapi. Akasema kila mtu anakaa kwake. Nikauliza saa za kufunga. Akasema halifungwi, hata yeye akiwa amelala watu wanaingia na kutoka. Nikaandika: "Duka huachwa wazi, mwenye duka amelala, mlinzi hayupo."

"Kaka," akasema taratibu, "ukiyasoma hayo uliyoandika, mimi naonekana mwehu."

Nikamweleza kwamba naandika anachosema yeye mwenyewe. Akaniletea chai, jambo ambalo pia nililiandika, chini ya kifungu cha huduma za vinywaji.

Nikiwa bado napima ule ufa, akaingia mteja kwa miguu yake. Alikuwa Bi Mwamvita, jirani wa nyumba ya tatu, mkunga mstaafu mwenye miaka sabini na miwili. Nusu ya watu wa Kisimani walipokewa duniani na mikono yake, na nusu nyingine walizaliwa siku alizokuwa likizo. Aliingia akipapasa fremu ya mlango, kwa sababu alikuwa na presha ya macho. Daktari alikuwa amemweleza bila kuficha: jicho la kushoto lilikuwa linakwenda, na la kulia lingelifuata kabla ya mwaka kwisha. Bi Mwamvita hakuja kulalamika. Alikuja kuweka oda.

Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi na minne, na hakuwahi kupigwa picha hata moja. Miaka yote hiyo alikuwa akimwona kichwani vizuri tu. Lakini siku hizi, alisema, akimtafuta anamkuta nusu: kilemba kipo, mikono ipo, uso haukai.

"Na mimi kabla macho haya hayajafumba nataka nimwone mama yangu," akasema. "Nitakuelekeza, mwanangu. Wewe chora."

Sikudhani akamwambia kwa adabu kwamba yeye huchora mbuzi, tena akiwa na picha mbele yake. Mtu ambaye hajamwona hata siku moja, hajui ataanzia wapi.

"Umemchora beberu wa jirani yangu akaonekana ana aibu," Bi Mwamvita akajibu. "Na kweli yule beberu ana aibu, na hakuna mtu aliyekwambia. Anzia hapo."

Basi Sikudhani akavuta kiti, akaanza kumwuliza. Uso ulikuwa mrefu au wa duara? Nyusi zilikaaje? Akicheka aliziba mdomo au aliuacha? Na mimi, kwa kuwa kanuni ziliruhusu wateja sifuri kwa duka la ukubwa ule, ikanibidi niandike kwamba nimeshuhudia msongamano. Nikakizungushia kishikwambi utepe mwekundu, nikadondosha nta, nikapiga muhuri. Duka likafungwa rasmi. Bi Mwamvita alikuwa bado anaeleza pua.

* * *

Isidhaniwe kwamba serikali iliwatelekeza wasanii. Idara ilianzisha Dirisha Moja la Sanaa, ambapo oda zote za nchi zilipokelewa na kushughulikiwa mahali pamoja. Dirisha Moja lilikuwa na madirisha matano. Kwenye la kwanza mteja alielezwa aende la ngapi. La pili lilitoa fomu, la tatu likarudisha fomu zilizokosewa. La nne lilikuwa dirisha la kawaida tu la kupitisha hewa, lakini watu walipanga foleni hapo pia, na kwa kweli ndiyo foleni iliyokuwa na amani kuliko zote. Kwenye la tano nilikaa mimi na muhuri.

Wasanii walichorea ndani ya ukumbi wa Idara, kwenye madawati, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu. Vifaa vyao vilifunguliwa utepe kila asubuhi na kufungwa upya kila jioni, na tulitumia nta nyingi kuliko makanisa yote ya nchi. Kisha kila mchoro ulipelekwa mbele ya Kamati ya Uzuri. Kamati ilikuwa na wajumbe watatu: Dakta Mtambalike mwenyewe kama mwenyekiti, mama mmoja mtaalamu wa mifugo, kwa vile wanyama walihusika, na bwana mmoja wa Usalama ambaye hakutaja jina na aliketi akiwa amevaa miwani ya jua.

Sheria ilitaka kila uso uwe na mvuto unaokubalika. Haikusema unaokubalika na nani. Dakta aliliona pengo hilo mapema, akakusanya wasanii wote ukumbini.

"Ndugu zangu," alisema, "uzuri usiopimwa ni uvumi. Huyu anasema hiki kizuri, yule anasema kile kizuri, mwisho wake ni vurugu. Kuanzia leo tutakuwa na uso wa rejea, na nyuso zote za taifa zitapimwa kwa huo."

Akageuka kuutafuta uso wenyewe. Ukutani palikuwa na picha moja tu, nayo ilikuwa ya Mheshimiwa Waziri.

Mheshimiwa Tindwa, kwa wasiomfahamu, ana mashavu ya kujaa, kishimo kidevuni, sharubu nyembamba kama mstari uliopigwa kwa rula, na jicho moja lililopanda kidogo kuliko jingine, kama mtu anayesikiliza kitu nyuma yako. Ni uso wa kiongozi. Picha ikateremshwa, ikawekwa mezani mbele ya Kamati, na kazi ikaanza.

Oda ya kwanza ilitoka kwa daktari wa meno wa nchi ya mbali, mwanamke aliyetaka mbuzi wake achorwe amevaa gauni la harusi. Sikudhani alimchora vizuri, macho yameangalia pembeni kwa haya. Bwana wa Usalama akasema mbuzi anayeangalia pembeni anajua kitu. Macho yafuate rejea. Mtaalamu wa mifugo akasema kidevu kile chembamba kinaashiria njaa, na Shwari haina njaa, kwa hiyo aongezewe mashavu. Dakta akamtazama mbuzi, akaitazama picha, akamtazama tena mbuzi, akasema anaona upweke juu ya mdomo. Wote wakaafiki kwamba pale panahitaji mstari.

Mbuzi akarudishwa, akasahihishwa, akapitishwa. Nikampiga muhuri.

Mbuzi wa pili alifuata njia hiyo hiyo, na wa tatu, na jogoo. Baada ya wiki tatu ukumbi mzima ulikuwa umejaa wanyama wenye sura moja. Hakuna aliyesema kitu. Hatukuwa wajinga, tulikuwa na Sheria ya Heshima, kifungu cha nane, kinachomfunga miaka miwili mtu yeyote atakayesema kwamba kiongozi anafanana na kiumbe mwenye mkia. Kwa kuwa ilikuwa kosa kusema, tuliona ni salama zaidi kutoona.

Siku moja Sikudhani alileta kazi dirishani kwangu, akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini.

"Kaka, mtazame vizuri huyu beberu. Humwoni anafanana na mtu?"

Nikamtazama. Nikasema naona beberu aliyekidhi vigezo.

Akaniangalia muda mrefu. Kisha bega lake likaanza kutikisika, akakaa chini kwenye benchi la wateja, akacheka bila sauti mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mimi nilipiga muhuri nikaangalia mbele.

Lakini kicheko chake hakikudumu. Wateja walianza kukimbia. Yule daktari wa meno aliandika kuuliza kwa heshima yule mwanaume aliyevaa shela ni nani, na mbuzi wake yuko wapi. Barua ilijibiwa na Idara, kwamba mbuzi wake ameboreshwa. Hakuandika tena. Na mchoro wa Bi Mwamvita ulikuwa umeshapita mbele ya Kamati mara tatu.

* * *

Bi Mwamvita aliitwa kuja kuukagua siku ya Jumanne. Alikuja ameshikwa mkono na shangazi yake Sikudhani. Jicho la kushoto lilikuwa limekwishazima, na kwa la kulia alisema anaona kama mtu anayechungulia ndani ya chupa. Dakta Mtambalike, kwa kuheshimu umri wake, alimkabidhi mchoro mwenyewe.

Bibi akausogeza karibu kabisa na jicho, akaupitisha taratibu kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Sikudhani alisimama nyuma ya dawati lake, mikono ameificha mgongoni.

"Huyu mwanaume ni nani?" Bi Mwamvita akauliza.

Dakta akamweleza kwamba huyo ndiye mama yake.

"Mama yangu hakuwa na sharubu."

"Bibi," Dakta akasema kwa upole, "mama yako amepandishwa hadhi."

Bi Mwamvita hakugomba. Amezalisha wanawake kwa miaka arobaini, anajua mtu asiyeweza kusaidiwa kwa kupigiwa kelele. Aliuliza tu Kamati itaupitia tena mchoro wake lini. Akaambiwa wiki tatu zijazo, kwa kuwa malalamiko ya wateja yana foleni yake. Akahesabu kwa vidole, midomo ikitembea. Kisha akasema kwamba wiki tatu yeye hana. Akamwomba shangazi ampeleke nyumbani.

Sikudhani aliwasindikiza hadi getini. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Nilitegemea atalia au atatukana, na kwa yote mawili nilikuwa na fomu. Badala yake akaketi akachora. Alichora siku ile, na kesho yake, na wiki nzima, na hakubishana tena na Kamati hata kwa neno moja. Wakimwambia ongeza shavu, aliongeza mawili. Wakimwambia inua jicho, aliliinua mpaka Mheshimiwa mwenyewe angeona wivu. Alifuata maelekezo kwa usahihi ambao sikuwahi kuuona serikalini. Wasanii wengine walipoona anapitishwa haraka namna ile, nao wakafuata.

Ilipotimia michoro arobaini na mitano, akaomba kumwona Mkurugenzi. Nilikuwepo, kwa kuwa kila mazungumzo yalihitaji mtu wa kuyapiga muhuri. Akamwambia Dakta kwamba wasanii wameguswa sana na mafanikio ya Idara, na kwamba wanaona ni vibaya mafanikio makubwa hivi yakae ndani ya kabati. Kwa nini Mheshimiwa asialikwe ayaone kwa macho yake?

Dakta Mtambalike hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hakuwahi kusifiwa na mkubwa wake. Macho yakamlegea.

"Maonyesho," alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaja jina la mchumba.

* * *

Maonyesho yalifanyika Jumamosi asubuhi. Wapiga ngoma kumi na mmoja walitolewa uwanja wa ndege. Mheshimiwa Tindwa alifika na mawaziri wenzake wawili, waandishi wa habari, na balozi mmoja mgeni aliyependa sana utamaduni. Ukuta mzima wa ukumbi ulikuwa umefunikwa kwa pazia la kijani.

Mheshimiwa alihutubia kwanza. Alisema zamani wasanii wetu walikuwa kama kuku wa kienyeji, wanataga popote, mayai yanaokotwa na wageni. Sasa wamejengewa banda. Mtu aliyejengewa banda, alisema, hana sababu ya kuuliza habari za nje. Tukapiga makofi. Kisha akavuta kamba, na pazia likashuka.

Mbuzi thelathini na wanane, mbwa watatu, jogoo mmoja, paka wawili, na mwanamke mmoja wa makamo aliyejifunga kilemba, wote wakamtazama Mheshimiwa kwa uso wake. Baadhi walivaa suti. Mmoja alivaa shela. Jogoo alikuwa amevaa kanzu na kofia, na yeye, nikiri, ndiye aliyefanana kupita wote.

Ngoma zilikuwa zinaendelea. Zikapungua moja moja mpaka ikabaki moja, nayo ikajishtukia ikanyamaza. Balozi peke yake alipiga makofi. Akauliza kama anaweza kumnunua yule wa shela.

Mheshimiwa alisogea hadi kwenye ukuta. Alisimama mbele ya jogoo kwa muda.

"Mkurugenzi," akasema bila kugeuka. "Hawa ni akina nani?"

"Ni mbuzi, Mheshimiwa. Kwa wingi wao."

"Naona ni mbuzi. Nauliza wanafanana na nani."

Nilimwonea huruma Dakta Mtambalike. Akisema wanafanana na Waziri, ni miaka miwili. Akisema hawafanani na mtu, Kamati yake imeshindwa kufuata rejea aliyoiweka mwenyewe kwa barua yenye kumbukumbu namba. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye tai. Waandishi wa habari walishika kalamu. Sikudhani alikuwa amesimama mstari wa mbele na wasanii wenzake, uso mkavu kabisa, kama mtu anayesubiri basi.

"Wanafanana na kiwango, Mheshimiwa," Dakta akasema hatimaye.

Mheshimiwa akaamuru michoro yote ishushwe mara moja. Hapo bwana wa Usalama akavua miwani kwa mara ya kwanza, akakohoa, akakumbusha kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Heshima, kifungu cha tisa, ni marufuku kushusha, kufunika au kugeuza ukutani sura ya kiongozi aliye madarakani. Mmoja wa wale mawaziri wawili, aliyekuwa mwanasheria, akashauri kwamba ikithibitishwa kuwa hizo si sura za kiongozi basi zinaweza kushushwa. Ikabidi apatikane mtu wa kuthibitisha. Ili athibitishe, alitakiwa asimame kati ya Mheshimiwa na jogoo, awatazame wote wawili kwa makini, kisha aandike alichoona. Hakupatikana.

Pazia nalo halikuweza kupandishwa tena, maana huko ni kufunika.

Kwa hiyo Mheshimiwa akafanya jambo ambalo kiongozi mwenye busara hufanya. Akarudi kwenye kipaza sauti akatangaza kwamba Idara ya Ubunifu Uliosajiliwa imefanikiwa kupita matarajio, kiasi kwamba haina kazi iliyobaki, na kwamba inafungwa kuanzia saa ile kwa heshima zote. Wasanii aliwaagiza warudi majumbani kwao wakajitegemee, kwa amri. Mtu yeyote atakayeonekana anachora ndani ya jengo la serikali atachukuliwa hatua.

Dakta Mtambalike alihamishiwa wilaya moja ya kaskazini kuwa Mkurugenzi wa Vivuko. Ni wilaya kavu, haina mto, lakini ofisi ina feni. Ukumbi ulifungwa kwa kufuli, na wanyama wale wako ukutani hadi leo. Anaruhusiwa kuingia mfagiaji tu, naye ameapishwa.

* * *

Mimi nilibakizwa kwa muda nikavifungue vifaa vyote vilivyofungwa kwa nta. Nilianza na Sikudhani siku ile ile, mchana. Nilimkuta nyumbani kwao, amekaa kwenye ile meza ya chakula, kishikwambi kikiwa mbele yake na utepe wake mwekundu. Nikatoa mkasi. Akakichukua kabla sijakifikia, akasimama.

"Utakatia huko huko," akasema. "Twende."

Tulikwenda nyumba ya tatu, kwa Bi Mwamvita. Alitembea haraka hata nikawa nakimbia na faili. Njiani aliniambia, bila kunitazama, kwamba kama ule utani wake wa mbuzi umechukua muda mrefu kuliko uliobaki kwa jicho la bibi basi hatajisamehe. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia kitu ambacho sikujua nikiandike wapi.

Bi Mwamvita alikuwa amekaa karibu na dirisha, amegeuzia mwanga upande wa kulia wa uso. Alitujua kwa hatua. Alisema bado anaona kidogo, kipande cha ukubwa wa kisahani cha chai, na asubuhi hii kilikuwa kikubwa kidogo kuliko jana. Sikudhani akamwamkia, akakaa sakafuni mbele ya magoti yake. Nikakata utepe. Vipande vya nta vikaanguka kwenye mkeka.

Sikudhani aliufungua mchoro wa mama, akafuta kila kitu. Mashavu, sharubu, lile jicho lililopanda, vyote vikaondoka, ikabaki duara tupu chini ya kilemba. Akaanza upya, bibi akielekeza, na kila alipoongeza mistari michache alikiinua kishikwambi hadi kwenye jicho la kulia.

Bibi akasema paji la uso lilikuwa fupi zaidi, kwa sababu mama alishusha kilemba kuficha kovu. Sikudhani akakishusha. Bibi akasema sasa amekuwa mpole mno. Mama hakuwa mpole, alikuwa na haraka. Sikudhani akauliza haraka ile ilikaa wapi usoni. Bi Mwamvita akafikiri. Akasema mama aliuza vitumbua, na moshi wa kuni ulimfanya akaze jicho moja, hili hapa, mpaka likazoea, akawa analikaza hata msikitini. Kalamu ikatembea. Akainua.

"Mdomo," bibi akasema. "Ulikuwa umefungwa hivi, lakini una la kusema."

Sikudhani alijaribu mdomo mara sita. Chai iliyoletwa na shangazi, aliyetufuata, ikapoa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mkasi wangu, na nilijikuta nikiukunja mdomo wangu mwenyewe kuona unakaaje mdomo uliofungwa wenye la kusema. Mara ya saba akainua tena, na bibi akaushika mkono wake ukiwa bado na kalamu.

"Hapo," akasema. "Usiguse tena."

Akakichukua kishikwambi kwa mikono yote miwili, akakileta karibu mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Akaufuta kwa kiganja. Alikaa hivyo muda mrefu, akikisogeza kidogo kidogo ili kile kisahani chake cha mwanga kipite usoni pote, kilemba, jicho, mdomo, kisha kirudi.

"Shikamoo, mama," akasema.

Sikudhani aliinama akaanza kuokota vile vipande vya nta, kimoja kimoja, ingawa mkeka ungeweza kukung'utwa tu. Nikaweka mkasi chini, nikapiga magoti, nikamsaidia.